Mzani wa Bwana Kombo

Alikuwako tajiri mmoja, Bwana Kombo, aliyeuamini mzani wake kuliko mkewe. Kila alipopeleka nyama kuokwa ilirudi imepungua uzito, naye akamwita mwokaji mwizi. Mtaani akabaki Bi Zuwena tu, mwenye tanuri la mikate, ambaye hajatukanwa.

Bwana Kombo akaja na mguu wa kondoo, akaupima mbele yake.

“Kilo tatu. Urudi kilo tatu, la sivyo utanilipa kondoo mzima.”

“Moto nao hula, bwana.”

“Moto hauna meno!”

“Haya. Na viungo, nina ruhusa ya kutia?”

“Tia utakacho.”

“Na mwamuzi ni nani, ulimi wako au mzani?”

“Mzani! Ulimi hudanganyika.”

Jioni mguu ulirudi umenona, unanukia bizari na ndimu. Bwana Kombo akaupandisha mzanini: kilo tatu kamili! Akaukata, kisu kikateleza mpaka chini.

“Laini ajabu! Hata mfupa umeyeyuka!”

Mkewe akatafuna tonge moja, akamtazama mumewe, akaficha kicheko kwa upindo wa kanga.

Bwana Kombo akatoka barazani, akapaza sauti: “Mtaa mzima huu, mwaminifu ni Bi Zuwena peke yake!”

Bi Zuwena alimsikia, lakini hakuweza kuitikia. Alikuwa akifyonza mfupa wa kondoo, na waokaji wote walioitwa wezi wamemzunguka, kila mmoja na mnofu wake, kando ya rundo la maganda ya muhogo.