Jua Alilofuma Kidawa

Palikuwa, na kama hapakuwa, niacheni niseme palikuwa. Somoe, binti aliyeposwa, hakujua kufuma. Shoga yake Kidawa, ambaye ni zimwi, alijua: ukucha wake ulipinda kama kulabu. Kwa uzi wa manjano akamfumia kitambaa cha kochi, mraba wenye jua katikati, miale ikiwaka kweli hata chumba kikapata joto.

"Sitaki malipo," alisema Kidawa. "Wageni wakija unitaje tu, niketi nao ninywe chai. Ndiyo desturi."

Wageni walipokuja, Somoe alimficha jikoni. Zimwi, mbele ya wakwe!

"Mwanangu, jua hili kafuma nani?" akauliza mama mkwe.

"Mimi, mama."

Mzunguko wa nje ukafumuka.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Miale ikafumuka.

"Hukusaidiwa hata kidogo?"

"Hata kidogo, wallahi."

Jua zima likafumuka. Uzi ukateleza sakafuni, wageni wakaufuata kwa macho hadi mlango wa jikoni. Kidawa alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya nazi, akiuviringa kuwa bonge, machozi yakimdondoka.

Somoe akatamani ardhi immeze. "Ni Kidawa," akasema kwa sauti ndogo. "Kafuma Kidawa."

Kidawa akainuka, bonge kwapani. "Sasa, shoga, nani kakuuliza?"

Akatoka kwa mlango wa uani, na chumba kikapoa. Mimi niliwaacha hapo hapo, kila mtu akitazama kikombe chake.