Kidude cha Digidigi na Simu ya Nyati

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilishafika porini, Bibi Digidigi aliishi na wanawe wawili kwenye kichaka chenye kivuli kizuri. Siku moja Nyati akapita, akakiona, akakipenda.

"Funga virago," akasema. "Hapa nitalala mimi."

Digidigi akakimbilia kwa Twiga, msimamizi wa ardhi. Twiga hakupenda kelele.

"Kesho asubuhi mtaanzia kwenye jiwe jeupe, mzunguke eneo lote kwa miguu, mrudi hapo hapo. Kila mmoja arekodi njia yake. Atakayeniletea mstari mzima wa njia hiyo, kichaka ni chake. Mara moja tu, sirudii!"

Asubuhi Nyati akaja na simu mpya ya kurekodia njia, kioo kipana kama sinia. Digidigi alining'iniza shingoni kidude cheusi kisicho na kioo, chenye kitaa kimoja cha kijani.

"Hicho kinapiga picha?" Nyati akauliza.

"Hakipigi, mjomba."

"Kinaimba?"

"Hakiimbi. Kinaandika ninakopita, basi."

"Ha ha haa! Masikini weee!"

Digidigi akacheka naye, ingawa moyoni alikuwa na hofu. Akikosa kichaka, wanawe watalala wapi? Na fisi hawakuwa mbali.

Wakaondoka, Nyati gidi! gidi!, Digidigi tipu! tipu! Bondeni Digidigi akasema, "Mjomba, leo pembe zinang'aa! Hujipigi picha?" Nyati akajipiga arobaini. Walipoanza kupanda kilima akasema, "Njia ndefu hii, tuwekee muziki." Nyati akauweka, tena kwa sauti ya juu.

Kileleni Digidigi akamuuliza, "Mama mkwe wako umemsalimia lini?"

"Mwezi uliopita," Nyati akajibu.

"Ebo! Na una simu ya kuonana uso kwa uso? Ukweni watakusemaje?"

Nyati akapiga. Mama mkwe akaulizia wajukuu, mmoja baada ya mwingine. Akaulizia nyasi, akaeleza habari za goti lake, akaita mashangazi wote waje waone. Nani humkatia simu mama mkwe? Nyati alibaki na "Naam, mama. Ndiyo, mama," jasho likimtiririka, hadi simu ikalia tiii! Chaji ikaisha, ikazima.

Jioni Twiga akavichomeka vyombo vyote viwili kwenye kompyuta yake. Mstari wa Digidigi ulitoka kwenye jiwe ukarudi kwenye jiwe. Wa Nyati ulikomea kileleni.

"Lakini simu yangu inafanya kila kitu!" Nyati akang'aka.

"Imefanya kila kitu," Twiga akajibu, "isipokuwa kile nilichokutuma. Kichaka ni cha Digidigi."

Digidigi akashusha pumzi, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Mama mkwe amefurahi lakini, mjomba," akasema, akaenda zake kuwalaza wanawe.

Basi hadithi imerudi kwenye jiwe ilikoanzia, nanyi wanangu shikeni hili: maliza kwanza kazi uliyotumwa, mengine baadaye.