Jina la Soko la Darajani

Waliokuwapo jikoni siku ile ni hawa: Subilaga Mwakyoma, muuza maziwa, ambaye ndoto zake zilitangulia mambo, Anyandwile Kibona, mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kumfungia mtu mlango, Yotamu Chisenga, afisa forodha wa ng'ambo, aliyeweza kumchekesha hata mfiwa, na makapteni wawili, Mwasaga wa kwetu na Nkhoma wa kwao.

Watu wa ng'ambo walikuwa wamejitoa katika Umoja wetu. Mto tuliouvuka kwa kusalimiana tu ukawa mpaka, na darajani, penye soko, wakasimama askari wa pande mbili. Wakuu wakaamuru soko lifunguliwe kwa majaribio Jumamosi moja. Ikilia risasi hata moja, daraja livunjwe.

Subilaga aliota. Alisikia kishindo, akaona maziwa yakitiririka darajani ndani ya ukungu, yakageuka mekundu kabla hayajafika mtoni. Ijumaa asubuhi akamwendea Anyandwile. "Baba, kesho watauana kwa sababu ya kishindo tu."

Anyandwile alitoa jiko lake. Makapteni walikatazwa kukanyaga nchi ya pili, lakini nyumba yake ilikuwa kisiwani, katikati ya mto, na mpaka ulipita kati ya mafiga yake. Kila mmoja akaingia kwa mlango wa nchi yake, wakaketi na chungu kimoja kati yao. Kila mmoja akamgeuzia mwenzake bega. Moshi ulipanda, ukavuka mpaka bila kuulizwa.

Yotamu naye alitoa ulimi wake wa utani. Kabila lake na la Mwasaga ni watani tangu mababu. Matusi yao hayana kesi.

"Mwasaga, nasikia siku hizi ndizi zenu haziivi mpaka ziombe kibali."

Mwasaga akamgeukia. "Nanyi mmejitoa katika Umoja. Kesho mtajitoa kwa wake zenu."

"Wake zetu walishatutoa zamani, mtani!"

Nkhoma akapaliwa kwa kicheko. Ndipo makapteni wote wawili wakamsikiliza Subilaga na ndoto yake.

Jumamosi ukungu ulilala darajani. Debe la maziwa likaanguka, likalia kama bunduki. Askari wa pande zote wakainua silaha. Ndani ya weupe ule ikasikika sauti ya Mwasaga: "Msipige! Ni ndizi ya kwetu, imepata kibali!" Upande wa pili Nkhoma akaangua kicheko, na askari wakashusha mikono. Maziwa yakatiririka mpaka mtoni, meupe.

Soko lipo hadi leo, ila halina jina. Kwa desturi yetu soko huitwa kwa jina la mtu mmoja aliye hai, anayeweza kuitika likitajwa. Wengine wanamtaka mwotaji, wengine mwenye jiko. Wa ng'ambo wanasema bila Yotamu wao pale jikoni pangebaki moshi tu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: mngeliita kwa jina la nani?

Msijibu haraka. Yotamu Chisenga alifariki dunia juzi, Alhamisi.