Siku ya Tatu Nyumbani kwa Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na meko na mikeka kama sisi, na hodi ikibishwa kwenye kila mlango, kulikuwa na mjane mmoja aliyeitwa Bi Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, asiyejua kutulia. Kama wewe hapo nyuma unayechomoa ukindu wa mkeka wangu. Acha, usikilize.

Bi Sange alikuwa na watoto wawili na taabu tele. Mwaka wa kwanza Tai alimchukua mumewe mchana kweupe. Mwaka wa pili moto wa nyika ukateketeza shamba lake lote. Mwaka wa tatu mvua haikunyesha kabisa, mto ukakauka ukabaki mchanga mtupu, na maji ya kunywa yakawa yanafuatwa mwendo wa nusu siku. Nyumbani mwake kikabaki kitu kimoja tu cha maana: kibuyu cha mbegu za mtama, kilichoning'inia juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu.

Watoto walikuwa wakikitazama kibuyu kile wakilia njaa.

"Mama, tupikie hata kiganja kimoja."

"Mbegu hailiwi."

"Hata kidogo?"

"Wanangu, tukila mbegu tumekula na mwaka ujao. Nyamazeni, nikawatafutie mchwa."

Msidhani alikuwa na moyo wa jiwe. Alitoka nje haraka ili wasimwone akifuta machozi.

Kila asubuhi alishika ufagio na kufagia njia ya kwenda shambani. Chwa, chwa, chwa. Shamba lenyewe, kule ukingoni mwa mto, lilikuwa vumbi.

Jirani yake, Bi Kobe, akamuuliza, "Shoga, unafagia njia ya kwenda wapi?"

"Shambani."

"Shamba lipi?"

"Litakalolimwa."

Bi Kobe akatikisa kichwa, akakirudisha ndani ya gamba lake.

Akimaliza kufagia, Bi Sange hukimbia hadi mtoni. Fyu, fyu, fyu, pua mchangani, huku na huku. Mahali pamoja, kando ya mkuyu mkubwa, alinusa unyevunyevu kwa mbali sana, chini kabisa. Akawa anachimba hapo kwa vikono vyake. Kutwa nzima alipata shimo la kumfika mbuzi magotini, na usiku mchanga uliporomoka ukalifukia. Siku kumi alichimba, na siku kumi lilifukiwa.

Basi akawaendea wakubwa wawili wa bonde lile, Nyati na Ngiri.

"Bwana Nyati, una kwato. Bwana Ngiri, una meno ya kuchimbia. Kuna maji mtoni, mimi nimeyanusa. Nisaidieni, tutakunywa sote."

Nyati alikuwa amelala kivulini. Hakuinua hata kichwa. "Bi Sange, sisi ni watu wa kukaribishwa. Hatuchimbi."

"Maji hakuna, shemeji," akasema Ngiri, aliyejiita rafiki wa marehemu ingawa hata matanga hakuhudhuria. "Ni pua yako tu, ndefu kupita kiasi."

Wakacheka, he he he. Bi Sange akarudi kwenye shimo lake.

Sasa sikilizeni vizuri. Bonde lile lilikuwa na desturi moja kubwa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili mgeni atakula kilichopo, na hakuna wa kumnyima. Siku ya tatu atapewa jembe, afanye kazi ya mwenyeji wake mpaka siku hiyo iishe. Mwenyeji akimnyima mgeni, majirani hawampi moto wala hawamziki. Na mgeni akilikataa jembe, hodi yake haitaitikiwa tena katika bonde zima.

Nyati na Ngiri walikuwa wameigeuza desturi hiyo kuwa ulaji. Waliingia nyumba ya mtu asubuhi na mapema, wakala siku mbili, na alfajiri ya siku ya tatu, kabla mwenyeji hajaamka kulitoa jembe, walikuwa wamekwisha toweka, hao nyumba nyingine. Walimmaliza Nungunungu. Walimmaliza Kanga. Kwa Bi Kobe walifanya kubwa zaidi. Mwezi wa sikukuu ulipoandama magharibi, Bi Kobe alikuwa amefunika chungu chake cha sikukuu, kile kimoja alichokiwekea akiba mwaka mzima, akingoja kesho. Nyati akakifunua palepale.

"Jua limezama, mwezi umeonekana, siku imeingia," alisema mdomo umejaa. "Siku huanza jua likizama. Au hapa hamjui kuhesabu?"

Majirani wote walisikia, kila mmoja mlangoni pake. Bi Sange naye alisikia.

Siku kumi na mbili zikapita. Asubuhi moja Bi Sange anafagia njia, akasikia ardhi inatetemeka. Puu, puu, puu.

"Hodi hapa! Shemeji, hodi!"

Angefanyaje? Akaweka ufagio chini. "Karibuni wageni. Karibuni ndani."

Walipoingia, nyumba ilijaa. Pua ya Ngiri ikaenda moja kwa moja juu ya meko. "Shemeji, mle kibuyuni mna nini?"

Watoto wakashikana mikono. Bi Sange akasema bila kusita, "Mna mtama. Lakini mtama ule umewekewa siku ya tatu. Leo na kesho mtakula vingine, na siku ya tatu, nawaahidi, nitakifungua mbele yenu."

Ngiri na Nyati wakatazamana.

"Leo tunakula nini?" akauliza Nyati.

Hapo ndipo alipobanwa, kwa maana ndani hamkuwa na kitu. Alizunguka nyumba mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akapanda ukutani, akaanza kuchomoa nyasi za paa. Nyasi kavu, zimekolea moshi, lakini ni nyasi. Akamtupia Nyati mzigo mzima. Akamchimbulia Ngiri vitunguu vya gugu la ndago, vichache, vichungu, kimoja kimoja, mpaka kucha zikatoka damu.

"Mama, anakula nyumba yetu," mtoto mkubwa akanong'ona.

"Paa huezekwa upya, mwanangu. Kibuyu kikiliwa hakiezekwi."

Usiku ule walilala nyota zikiwachungulia. Siku ya pili Nyati akamaliza upande uliobaki, tafu, tafu, tafu. Mchana wageni wakajinyoosha mkekani, na Bi Sange, ambaye hajawahi kukaa mahali pamoja kwa muda wa kumeza mate, akawa anapita nyuma ya ukuta. Akawasikia.

"Kesho alfajiri," alisema Ngiri, "wewe unapiga teke mlango, mimi nakidaka kibuyu. Jembe watapeana wenyewe."

"Na mtama?"

"Tutautafuna njiani. Mbichi mbichi."

Damu ilimchemka Bi Sange, na hofu ikamshika, maana asingeweza kupigana hata na sikio la Nyati. Hakukaa chini. Alikimbia kwa Bi Kobe, akakimbia kwa Nungunungu, akapanda hadi kwenye mti wa Kanga. Wote aliwaambia neno lilelile: "Njoo kwangu jua likizama. Uje na jembe."

"Jembe jioni?" Bi Kobe alishangaa. "Nani analima gizani?"

"Mwezi ni mpevu, shoga. Njoo tu."

Jua likashuka. Likawa jekundu, likawa nusu, likawa ukingo, likazama. Kanga akaruka juu ya tawi lake kama afanyavyo kila machweo, akaita: "Ke-ke-ke! Siku imeingia! Ke-ke-ke!"

Papo hapo Bi Sange akaingia ndani akikokota majembe mawili yaliyomzidi urefu. Nyuma yake majirani wamesimama.

"Wageni wangu," akasema, "siku ya tatu hiyo. Pokeeni majembe."

Nyati akafumbua jicho moja. "Siku ya tatu ni kesho."

"Kesho imekwisha ingia, Bwana Nyati. Jua limezama."

"Siku huanza asubuhi. Kila mtu anajua."

Bi Kobe akatoa kichwa chake chote nje, na shingo, na mabega. Hajawahi kuonekana hivyo. "Chungu changu cha sikukuu ulikifunua saa ngapi?"

Nyati akalifumba tena lile jicho.

"Nakuuliza. Ulingoja asubuhi? Ulisema siku huanza jua likizama, ukatuuliza kama hatujui kuhesabu. Sasa tumehesabu."

Nungunungu akatikisa miiba, cha-cha-cha. Ngiri akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Ngiri. Walifikiria milango yote ya bonde, hodi yao haiitikiwi, na matumbo yao yale. Wakayapokea majembe.

"Shamba liko wapi?" akanguruma Nyati.

"Mtoni, kando ya mkuyu. Njia imefagiwa."

Walichimba kwa mbalamwezi. Puu, puu, kwato za Nyati. Kwaru, kwaru, meno ya Ngiri. Bi Sange alikuwa juu ya ukingo akikimbia huku na huku, akiwaonyesha pa kuegemeza magogo ili mchanga usiporomoke, maana siku zake kumi za kufukiwa zilikuwa zimemfunza hilo. Kulipokucha shimo lilikuwa limemmeza Ngiri. Adhuhuri lilimmeza Nyati na pembe zake. Chini kulikuwa na mchanga mkavu tu.

Alasiri Nyati akaegemea jembe, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Bi Sange, tuhesabu basi, maana wewe ni bingwa wa kuhesabu. Siku ya tatu inaisha lini?"

Bi Sange akatazama jua.

"Jua likizama. Kanga akiita tu, tunatua majembe. Na kibuyu je? Ulituahidi kukifungua siku ya tatu, mbele yetu. Kilete kabisa, kikae karibu."

Majirani wakamtazama. Ahadi ni deni, na kila mtu alikuwa ameisikia kutoka kwa watoto wa Bi Sange mwenyewe. Ikabidi akilete. Alikiweka juu ya mchanga, na watoto wake wakakaa ubavuni mwa kibuyu kile kama wanaomlinda mgonjwa.

Jua likaanza kushuka. Bi Sange akatumbukia shimoni, katikati ya kwato na meno, fyu, fyu, fyu. Alinusa huku, akanusa kule. Pua yake ilikuwa imejaa vumbi, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba labda Ngiri alisema kweli, labda ni pua tu.

"Hapa," akasema mwishowe. "Chini ya jiwe hili. Dhiraa moja tu."

"Ulisema dhiraa moja tangu asubuhi," Ngiri akalalamika.

"Na tangu asubuhi zimepungua. Chimba, shemeji. Jua bado lipo."

Ngiri akaingiza meno chini ya jiwe kwa hasira. Akasukuma. Nyati akaingiza pembe. Jua lilikuwa jekundu, likawa nusu. Kanga alikuwa amekwisha kunjua mbawa, na nasema kweli, siku ile aliruka polepole kuliko siku zote.

Jiwe likang'oka. Kisha, bu-bu-bu-bu.

Maji yalitoka yakiwa na tope, kisha meupe, yakawafika magotini. Nyati, yule asiyechimba, alitumbukiza kichwa chote akanywa mpaka macho yakamtoka. Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alikuwa anakunywa. Bi Sange alikaa chini. Ndiyo, alikaa, akalia kwa sauti, wala safari hii hakujificha.

Kisha akainuka, akakifungua kibuyu mbele yao, kama alivyoahidi. Ngiri akatanua kinywa.

"Nawapa kiganja kimoja kila mmoja," akasema Bi Sange. "Mkila leo, mmemaliza. Mkipanda hapa ukingoni palipolowa, mtakuwa na nyumba ya kukaribisha watu, badala ya kubisha hodi za watu. Siku yenu imebaki ukucha mmoja. Amueni."

Nyati akautazama mtama kiganjani mwake kwa muda mrefu. Nina hakika alikuwa karibu kuulamba. Lakini alikuwa amechoka, na shimo lile lilikuwa na alama za kwato zake, na mtu hapendi kuacha jasho lake bure. Akapiga magoti, akapanda. Ngiri naye akapanda, huku akinung'unika.

"Ke-ke-ke!" Kanga akaita. "Siku imeingia!"

Mtama ulipoiva, Bi Kobe alimkuta Bi Sange njiani. Chwa, chwa, chwa. Nyuma yake Nyati alikuwa amebeba nyasi mpya za paa, anaona haya.

"Shoga," akasema Bi Kobe, "ulijuaje kwamba maji yapo?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba sijamaliza kuchimba."

Akaendelea kufagia. Mpaka leo ukipita porini ukiona kinjia chembamba kimefagiwa safi hadi jani la mwisho, ujue ni cha kwake.

Mimi hadithi nimeitua hapa, wewe ibebe kwenda nayo kwenu, na funzo lake ni hili: siku ya dhiki usile mbegu yako, maana hujui maji yapo umbali wa dhiraa ngapi.