Adamu Mkanyaga Nguo na Jina la Walker

Paukwa! Nasema, paukwa! Pakawa. Pakawa na nini? Pakawa na mkojo, wajukuu zangu. Msicheke bado, mtaishiwa na kicheko kabla ya wakati.

Kisa hiki ni cha Uingereza, zama za zama, sabuni haijamfikia maskini na umbea bado unatembea kwa miguu. Nilikipata kwa Bibi Walker, yule nesi wa misheni niliyekuwa nikimfulia. Nilimuuliza jina lake maana yake nini, akaona haya, akacheka, akanisimulia. Nikamwapia sitamwambia mtu. Basi sogeeni.

Palikuwa na kijiji kando ya mto, katika nchi ya baridi na kondoo. Kila mtu alikuwa na jina moja tu, na majina yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Adamu peke yao walikuwa tisa. Ukiita "Adamu!" wanageuka watu tisa na mbwa mmoja. Adamu mmoja akaiba kuku, akachapwa Adamu mwingine. Ndivyo walivyoishi.

Adamu wetu sisi ni yule aliyekanyaga nguo. Mnajua, sufu ikitoka kwa mfumaji ina mafuta ya kondoo, tena imelegea kama chandarua. Haizuii mvua wala upepo. Lazima itiwe kwenye pipa la mkojo uliochacha, na mtu aingie humo na miguu yake, akanyage toka alfajiri mpaka jioni, nyuzi zishikamane. Kanyaga, geuza, kanyaga. Kanyaga, geuza, kanyaga. Na kila asubuhi Adamu alipita nyumba kwa nyumba na ndoo.

"Hodi! Mmeniwekea?"

"Tumekuwekea, lakini kaa huko huko!"

Walivaa nguo zake kila siku, na kila siku walimzibia pua. Adamu alizoea. Ila kulikuwa na Hawisa, binti wa Mzee Gilberti mfumaji, na kwa Hawisa hakuzoea. Akipita dirishani kwao moyo wake nao unakanyaga, unageuza, unakanyaga. Hawisa hakuziba pua hata siku moja. Mimi nasema hapo ndipo alipommaliza.

Basi bwana mwenye ardhi akachoka na Adamu tisa. Akatangaza kwamba baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, karani wake atakuja na kitabu, kila mtu aandikwe jina la pili, na watoto na wajukuu walibebe milele. Mzee Gilberti akamwita Adamu, akamsimamisha mlangoni, upande ambao upepo utaipeleka harufu mbali.

"Kijana, najua unavyolitazama dirisha langu. Ukiandikwa jina la lile pipa, binti yangu humpati. Sitaki wajukuu wanaonuka mpaka kitabuni!"

"Mzee, nitaandikwa jina jingine. Nakaa kilimani. Nitakuwa Adamu wa Kilimani."

"Na pipa?"

"Naliacha."

Akaliacha kweli. Akalifunika ubao, akaweka jiwe juu, na wiki mbili nzima akawa anasugua miguu kwa majivu na majani ya mnanaa. Ikanukia kama mboga.

Sasa tazameni kiburi kinavyomla mtu. Mzee Gilberti alikuwa na nguo ya bwana mwenye ardhi, ya kutolewa Jumamosi hiyo hiyo kabla jua halijazama. Nani ataikanyaga? "Aah, kazi ya miguu hii, hata kondoo anaiweza!" Ijumaa akachukua mkojo wa nyumbani kwake, wa asubuhi ile ile, bado unatoa moshi. Wajukuu, mkojo mbichi haufanyi kitu! Lazima ukae siku nyingi, uchache, utoe watu machozi. Mzee hakujua, maana hakuwahi kuuliza. Alikanyaga mpaka adhuhuri, akaona inatosha.

Jumamosi asubuhi Hawisa akaimwagia nguo maji. Yakapita yote, shwaa, kama kwenye kung'uto la nazi.

Adamu alikuwa foleni mbele ya kanisa, shati safi, zamu yake inakaribia. Hawisa akaja mbio, nywele nje ya kitambaa.

"Adamu! Nguo ya bwana imeharibika. Tukiitoa hivi, baba ananyang'anywa kitanda cha kufumia na nyumba juu yake."

Adamu akatazama foleni, akatazama miguu yake inayonukia mnanaa. Akiondoka, karani atamfuata amkute pipani, na jina litakuwa la pipa. Na jina la pipa likiingia kitabuni, Hawisa kwaheri. Asipoondoka, Hawisa atalala nje.

"Kaniletee hiyo nguo," akasema, na shati akalivua njiani.

Akatoa jiwe, akatoa ubao. Ee! Wiki mbili umefunikwa! Kunguru juu ya mti wakahama. Adamu akaingia. Kanyaga, geuza, kanyaga. Mchana ukafika, nguo bado. Hawisa akakunja gauni magotini, akaingia naye.

"Hawisa! Toka humo!" Mzee Gilberti alipiga kelele, machozi yanamtiririka.

"Ingia na wewe, baba. Nguo ni yako."

Mzee akazunguka pipa mara moja, mara mbili. Akaingia. Sita, miguu sita, kanyaga, geuza, kanyaga.

Jua likiwa linainama, karani akafika kwa kufuata harufu, kitabu kifuani. Walikuwa wameisuuza nguo mtoni, wameitandaza. Karani akamimina maji juu yake. Yakasimama kama shanga.

"Nguo nzuri. Nani kaikanyaga?"

Adamu akainua mkono. "Mimi."

"Wewe ndiwe Adamu wa tisa. Jina la pili?"

Adamu akamtazama mzee. Mzee Gilberti bado alikuwa pipani, ameganda kiuno, kavimba miguu.

"Unanitazama nini, mkwe wangu?" akafoka. "Mwambie! Kazi kama hii mtu ataificha kwa nini?"

"Andika Walker," akasema Adamu. Kwao ndivyo walivyomwita mkanyaga nguo.

"Na uache nafasi pembeni," akasema Hawisa. "Nakuja."

Bibi Walker alipomaliza kunisimulia, mimi nilikuwa na povu la mashuka yake mpaka viwikoni. Nikamwambia, "Kumbe sisi ndugu!" Akacheka, akakunja mikono ya gauni lake jeupe, tukamalizia beseni pamoja.

Kwa hiyo, atakayekucheka kwa kazi ya mama yako, mtazame alichovaa, umuulize nani amekifua. Kazi iliyokuvika usiizibie pua.

Kisa changu nimekikamua, nimekianika. Aliyekipenda akikunje aende nacho, na aliyebanwa akimbie chooni, asije akatuchachia hapa.