Siku Nyati Alipopika Pombe

Hadithi, hadithi.
Njoo tuionje.
Ije kavu au ije na povu?
Ije na povu, imwagike kidogo.

Haya, sogezeni vigoda. Na wewe uliyekaa karibu na mtungi, usinipe mgongo, maana koo la msimulizi ni kama njia ya vumbi.

Hapo kale wanyama wa mlimani walikuwa na sherehe moja kubwa kila mwaka, sherehe ya gome bichi. Msesewe mnaujua, ule mti ambao gome lake ndilo linaloipa pombe uchungu. Gome kavu lipo mwaka mzima, limening'inia juu ya moshi jikoni. Lakini gome bichi lina siku zake chache tu, mvua za kwanza zinapoanguka na mti unapojaa maji. Pombe ya gome bichi inanukia shamba zima. Ukiinywa, ulimi unauma kidogo, halafu unacheka. Nayo haimngoji mtu, leo ni pombe, kesho ni siki.

Basi siku hiyo kila upande wa mlima ulileta mtungi wake uwanjani. Nungunungu alishuka kutoka msituni na wanzuki, pombe ya asali. Komba alipanda kutoka bondeni na dengelua, pombe ya miwa, na kila mwaka mtungi wake ulifika ukiwa umepungua, akasema njia ni mbaya, inamwagika. Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, alileta mbege ya ndizi mbivu na ulezi. Na wengine, na wengine.

Sherehe ilikuwa na desturi moja. Mwenye mtungi anakunywa kata ya kwanza mbele ya watu wote, ili wajue hakutia sumu. Kisha anasimama pale pale na kata yake, anawakaribisha wageni mpaka mtungi ukauke. Akiuacha mtungi wake na kwenda kunywa wa mwenzake, ni sawa na kutangaza kwamba pombe yake haifai. Aibu hiyo ilikuwa haioshwi kwa maji.

Sasa Nyati. Nyati alikuwa na shingo nene, pembe pana na mdomo usioshiba. Hakupika hata siku moja. Mwaka mmoja alifika uwanjani akasema yeye ndiye mwonjaji mkuu, na hakuna atakayegusa mtungi kabla hajaupima. Watu waliziangalia zile pembe, wakaona kweli, ni vizuri kuwa na mwonjaji mkuu.

Alianza na mtungi wa Nungunungu. Akaweka mdomo, gu-gu-gu-gu. Akainua kichwa, akasema, "Bado sijaipata ladha." Akaweka mdomo tena, gu-gu-gu-gu, mpaka mtungi ukalia hoo, kama mtungi mtupu unavyolia. Akaenda kwa Komba, gu-gu-gu-gu. "Bado sijaipata ladha." Hoo. Akaenda kwa Pimbi, gu, mara moja tu. Hoo. Na mwenye mtungi akijaribu kusogea akaonje kwa jirani, Nyati anamkaripia: "Mwenye mtungi asimame na mtungi wake." Desturi aliijua vizuri pale ilipomfaa.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Watu wanapika, Nyati anapima, watu wanarudi nyumbani wamekunywa harufu.

Pimbi alikuwa na bibi yake, Bibi Manka. Huyu bibi ndiye aliyewafundisha wote kupika, tangu Nungunungu yule hajaota mwiba hata mmoja. Asubuhi moja alikuwa akimenya ndizi, akatua kisu.

"Mjukuu wangu," akasema, "meno yamekwisha, macho yanaaga. Kilichobaki ni ulimi. Nilitaka niionje ile wanzuki ya Nungunungu kabla ulimi nao haujaondoka, lakini naona na mwaka huu tutakunywa harufu."

Pimbi alisikia uchungu kuliko wa msesewe. Mwaka mwingine huenda bibi asiwepo. Akamwambia bibi amalizie ndizi zake, yeye anakwenda matembezini.

Alimkuta Nyati kwenye tope lake, amelala ubavu. Akamsalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa pua. Akamwambia kwamba amekuja kwa uchungu, maana huko vilimani watu wanasema vibaya. Wanasema Nyati ana ulimi lakini hana mkono, kunywa anajua, kupika hajui.

"Nani kasema?"

"Ni wengi kuliko nzi wa hapa, mzee. Nitaanza na yupi?"

Nyati akanyanyuka kwenye tope, bwata. Akamwamuru Pimbi ampikie, yeye atasema ni yake. Pimbi akajibu kwamba angefurahi sana, ila mtungi wake ni kama ngumi, na watu wakiona kamtungi kama kale mbele ya mwili kama ule, watajua.

"Pika mwenyewe, mzee," akasema. "Pombe ya Nyati nani ataiacha? Itakauka kabla umande haujakauka. Kisha utapita kwa wengine wote, upime kama kawaida yako."

Hapo Nyati akaona mbele yake pombe yake na pombe za wenzake, zote siku moja. Mate yakamjaa. Akauliza inapikwaje.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna wanaosema Pimbi alidanganya. Pimbi hakudanganya hata neno. Alimfundisha kama bibi yake alivyomfundisha yeye. Chemsha ndizi mbivu, zimimine kwenye hori la gogo, zifunike, ziache siku tatu mpaka zichachuke, usiziguse. Siku ya nne pika uji wa ulezi, changanya, tia gome bichi konzi moja, funika, kesho yake ni pombe.

"Konzi ya nani?" Nyati akauliza.

"Ya mpikaji, mzee."

Jamani, kuna neno la uongo hapo? Basi.

Nyati akaangusha migomba ya bonde zima. Akachonga hori la gogo kubwa, akachemsha ndizi, akamimina, akafunika. Siku ya kwanza harufu ikampanda puani. Akafunua. Akaweka mdomo, gu-gu-gu-gu. "Bado sijaipata ladha." Akafunika. Siku ya pili zilinukia zaidi. Akafunua, gu-gu-gu-gu. "Bado sijaipata ladha." Siku ya tatu mtu yeyote angefunua, hata mimi. Gu-gu-gu-gu, hoo.

Lililobaki ni hori, tena limelambwa. Nyati akajaza maji ya mto. Akapika uji wa ulezi, akaonja nusu, nusu akamimina. Akatazama, akaona pombe yake imepauka, akawaza kwamba kilichopungua atakifidia kwa gome. Akaenda msesewe wa kwanza, kwaruuu, akaubambua. Wa pili, kwaruuu. Wa tatu, kwaruuu. Konzi yake hiyo.

Siku ya sherehe ikafika. Nyati akalikokota hori lake mpaka katikati ya uwanja, ngrr, ngrr, ngrr. Wanyama wakasogea kutazama, maana walikuwa hawajaona pombe nyingi hivyo mahali pamoja. Pimbi akasimama juu ya jiwe, akasema kwa heshima zote kwamba leo mwonjaji mkuu ameleta mtungi, basi aanze yeye, kama desturi.

Nyati akachota kata, akanywa.

Masikio yakajikunja. Mkia ukasimama. Jicho la kulia likatoa chozi, la kushoto likatoa lenzake. Watu wote wanamtazama. Atasema nini, na yeye ndiye mpishi?

"Tamu," akasema.

Mitungi yao ikiwa bado haijafunguliwa, wageni wakapanga mstari kwa adabu. Nungunungu akagusa kwa ncha ya ulimi, akasema hongera mzee, hii kweli ni pombe ya wakubwa. Akaenda zake. Wa pili akagusa, akasema pombe ya wakubwa. Akaenda zake. Komba, ambaye hajawahi kukataa kitu kilicho majimaji, alikunywa funda moja akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Hakuna aliyerudi mara ya pili.

Mtungi wa Pimbi ukakauka kwa kata tatu, ndiyo faida ya udogo. Akamshika bibi yake mkono, wakaenda kwa Nungunungu. Bibi Manka akapokea kata kwa mikono miwili. Akanusa kwanza, akanywa polepole, akafumba macho.

"Nyuki wako wamekula maua ya kahawa," akasema.

Nungunungu akasimamisha miba yote kwa furaha, kwa sababu ni kweli, na kwa miaka mitatu hakuna aliyewahi kumwambia. Wakapita kwa Komba, bibi akasema miwa hii ilikatwa asubuhi. Wakapita mtungi wa nne, wa tano, kila mmoja akaambiwa la kwake. Kwenye mtungi wa sita bibi akasema nishikie fimbo. Akacheza. Watu wakampigia makofi mpaka vumbi likaruka, na Pimbi akalia machozi ya raha bila kujificha.

Harufu zote hizo zilimfikia Nyati pale alipo. Akainua mguu mmoja, akaelekea kwa Nungunungu.

"Mwenye mtungi asimame na mtungi wake," akasema Komba, akiwa amelala chali.

Wengine wakaipokea, wakaifanya wimbo, wakaitia na ngoma. Nyati akarudisha mguu. Angewatawanya kwa pembe, lakini ilikuwa desturi aliyoikariri mwenyewe miaka mitatu, na kuikimbia ni kukiri kwamba pombe yake haifai. Akaona njia ni moja, hori likauke. Akaweka mdomo. Gu. Akapumzika, akafuta chozi. Gu. Akapumzika. Jua likapita utosini, likaanza kushuka, na Nyati anakunywa hori la misesewe mitatu, funda kwa funda.

Lilipolia hoo, akageuka. Mitungi yote uwanjani ilikuwa imefudikizwa kwenye majani, inakaushwa. Bibi Manka akamjia na fimbo yake, akamtazama kwa huruma ya mwalimu.

"Umeipata ladha, mwanangu?"

"Nimeipata, mama," akasema Nyati.

Tangu mwaka ule kata ya kwanza ya kila mtungi hupewa mkongwe kuliko wote. Bibi Manka alizinywa miaka saba mingine, na jioni alibebwa juujuu mpaka nyumbani.

Hadithi imefika chini ya mtungi. Aliyepata machicha atafune, aliyepata povu apanguse midomo.

Na mafundisho yake ni haya, watoto wayashike. Wakubwa waachwe watangulie. Wajanja hawafiki mbali, Pimbi mwenyewe aliishia mtungi wa sita. Na pombe ni kitu kibaya, mwenye akili haisogelei.

Sasa, huu hapa mbele yangu ni wa nani? Mwenye mtungi asimame na mtungi wake, anijazie kata. Mimi bado sijaipata ladha.