Mkono wa Ngedere na Mkuyu wa Misimu Saba

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mti, mti ukawa maneno. Palikuwa na maneno, maneno yakawa kiapo.

Kabla sijaanza, kitendawili!

Tega!

Mtu akilipwa leo kwa kazi ya miaka mingi ijayo, je, amelipwa jana yake au kesho yake?

Nyamazeni tu, wala msione haya. Kitendawili hiki nilitegewa nikiwa mdogo kuliko nyie mlioketi mbele. Nikashindwa. Nikaombwa mji, nikautoa. Nikajaribu tena, nikatoa mji wa pili na wa tatu. Leo sina mji hata mmoja uliobaki, na jibu sijalipata. Nilichonacho ni kisa chake tu.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bondeni na wanyama wa Ng'ambo walikuwa na chemchemi moja tu ya kunywa, maana maji ya mto yalikuwa ya chumvi. Wakati wa masika maji yalitosha. Kiangazi kikija, maji yalipungua. Waliotangulia walikunywa maji. Waliofuata walikunywa tope. Wakapigana. Wakapigana mpaka wakachoka kupigana. Mwishowe wakasema, "Tucheze. Mara moja tu, mwanzo wa kiangazi. Atakayeshinda atatangulia kunywa mpaka mvua zirudi."

Wakacheza mchezo wa bungo. Tunda la bungo bichi, gumu, la mviringo. Kila upande ulikuwa na mrushaji mmoja, amesimama nyuma. Mbele yake walisimama wakingaji, kazi yao kuwazuia maadui wasimfikie. Mbele zaidi walikimbia wadakaji. Bungo likidakwa nyuma ya mstari wa mawe, ni bao. Mrushaji akiangushwa nalo mkononi, zamu imekwisha. Mchezo wenyewe ni huo.

Mrushaji wa Bondeni alikuwa Ngedere. Alikuwa na mkono, huyo! Akiuvuta nyuma, Bondeni nzima ilishika pumzi. Vuuuu! Bungo likapaa. Likapita juu ya vichwa, likapita juu ya pembe, likashuka. Swala akaruka, akalidaka kwa mdomo. Kap! Bao.

Na mkingaji mkuu wa Ngedere alikuwa Ngiri, mama wa watoto wanne. Ngiri hakuwa mwepesi, wala hakuwa mzuri wa kutazamwa. Lakini akiinamisha kichwa, kwato zake zikachimba hadi kwenye udongo mwekundu, hapiti mtu. Mashabiki hawakumwimba. Nani huimba jina la ukuta? Naye hakudai kuimbwa. Mchezo ukiisha, alikwenda zake chini ya mkuyu, wanawe wanne nyuma yake, mikia juu kama vijiti. Waliokota makuyu yaliyodondoka. Kiangazi majani hukauka, mizizi huwa migumu kama mawe. Makuyu hayo ndiyo yaliyowavusha.

Basi kiangazi kimoja Ngedere alirusha bungo kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwisho wa pili. Vuuuu! Kap! Bondeni wakanywa maji. Kanga, aliyeongoza mashabiki, akazunguka chemchemi akiimba:

"Mkono huo, mkono!
Ukirusha, twanywa maji!"

Na wote wakaitikia, "Twanywa maji!"

Sifa haina kuta. Ng'ambo wakasikia. Wakamtumia Ngedere ujumbe: "Njoo kwetu. Tuna mkwaju mzima. Utakuwa wako."

Ngedere akaenda kwa Kiboko, mkuu wa Bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia habari za mkwaju."

"Mimi sitaki kuhama, mzee. Hapa ndipo nilipozaliwa. Lakini nami nataka mti. Nipeni mkuyu. Wote, misimu saba."

Saba! Neno likatoka kinywani mwa Ngedere likaingia masikioni mwa kila mtu. Saba! Wanyama wakakusanyika kwenye mchanga wa mto, kila mmoja na lake.

"Mpeni!" akalia Kanga. "Mpeni leo, msingoje kesho! Bila mkono ule tungekuwa tunalamba tope."

"Mpeni kitu, sikatai," akasema Nungunungu. "Lakini misimu saba? Wewe Kanga hujui kesho utataga wapi. Unajuaje mkono wa mwenzio utakuwaje msimu wa saba?"

Wakacheka. Kanga akafura manyoya.

"Bwana Nungunungu, wewe unajisifu kila siku kwamba unarusha miba. Mbona hatujauona mwiba wako hata mmoja ukifika?"

Wakacheka zaidi.

Swala akasema taratibu, "Mimi kazi yangu ni kukimbia tu. Ila nikijua bungo linakuja, miguu yangu huwa minne. Nisipojua, huwa miwili."

"Na akienda Ng'ambo?" akauliza Kanga. "Akiwarushia wao? Hapo utasema nini, wewe wa miba?"

Nungunungu akatikisa miba. Akasema tu, "Saba ni mingi."

Ngiri alisikiliza. Kanga aliposema, aliona Kanga ana ukweli. Nungunungu aliposema, aliona naye ana ukweli. Lakini yeye alikuwa na swali lake, na swali hilo lilikuwa tumboni. Akasogea mbele.

"Mzee," akasema, "na yale yanayodondoka?"

Kabla Kiboko hajafumbua mdomo, Ngedere akajibu. "Mama Ngiri, mti ni mti! Ukimpa mtu mzinga, utamwambia nta ni yako?"

Kicheko kikapasuka. Ngedere hakusema kwa ubaya. Alikuwa akiuwaza mkwaju wa Ng'ambo, alioahidiwa mzima. Ngiri alitaka kuongeza neno, akawatazama wanaocheka, akaona swali la tumbo ni dogo mbele ya shauri kubwa kama lile. Akarudi nyuma.

Kiboko akasema, "Sitaki kesho huyu aseme hivi na yule aseme vile. Tuape kwa neno moja tu. Tusitupane mkono."

Mnajua, watoto, kutupana mkono ni kuachana wakati wa shida.

"Tusitupane mkono!" akaapa Ngedere. Kanga akaapa kwa kelele. Nungunungu akaapa kwa kunung'unika. Swala akaapa. Ngiri naye akaapa. Tusitupane mkono.

Mkuyu ukawa wa Ngedere.

Kiangazi kile Kanga alijipa kazi bila kutumwa. Alizunguka mti tangu asubuhi. "Hapana kugusa! Ni ya Ngedere! Mkono wetu usiibiwe!" Ngedere alikula mpaka akashiba, naye tumbo lake ni dogo. Makuyu mengine yakaiva, yakadondoka, pu, pu, pu, yakaoza, nyigu wakaja. Watoto wa Ngiri walisimama mbali wakitazama, mikia chini. Mama yao alichimba mizizi. Alichimba mpaka jino lake refu la kushoto likakatika ncha.

Mvua zilikuja, lakini zilikuwa chache, zilipita kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Ngiri hakupata kunenepa. Mbavu zake ukitaka ungezihesabu.

Siku ya mchezo ikafika. Ng'ambo wakamtanguliza Nyati.

Ngedere akauvuta mkono nyuma. Bondeni ikashika pumzi. Nyati akaja, gu! gu! gu! Ngiri akainamisha kichwa, akachimba kwato. Zamani zilichimba hadi kwenye udongo mwekundu. Leo zilikwaruza vumbi. Akasimama. Akasukumwa hatua moja, akasimama. Hatua ya pili, akasimama. Ya tatu, magoti yakajikunja. Ngiri hupiga magoti anapokula. Siku ile alipiga magoti, na chakula hakikuwepo.

Nyati akapita. Kwaa! Ngedere chini, Nyati juu yake. Bega likalia, ka! Bungo likabingirika peke yake kwenye vumbi, halina mwenyewe. Ngedere alipoinuka, mkono ulining'inia kama mzabibu uliokatwa.

Ng'ambo wakanywa maji. Bondeni wakanywa tope. Na Kanga akaimba, sauti ni ileile:

"Mkono huo, mkono!
Ukining'inia, twanywa tope!"

Wakakusanyika tena kwenye mchanga wa mto. Ngedere akakaa pembeni, mkono umefungwa kwa utembo wa mgomba.

"Mti urudi!" akasema Kanga. "Misimu sita imebaki. Tutamlisha misimu sita kwa kazi gani? Aliapa hatatutupa mkono!"

"Na kweli hatupi mkono," akasema Nungunungu. "Hatupi kabisa. Mtazame."

Wengine wakacheka, halafu wakaona haya.

"Ajabu!" akasema Kanga. "Si wewe uliyekataa misimu saba?"

"Nilikataa, mwenzangu. Mkanishinda kwa kelele, nami nikaapa. Sasa ni saba. Tena kiapo chenyewe kina mkia. Hatukusema asitutupe. Tulisema tusitupane. Mkia huo wa 'ane' unagusa pande zote. Mkono wake ukiwa mzima ni wetu, ukivunjika ni wake peke yake?"

Kanga akatafuta pa kutokea. Akageuka, akamwona Ngiri.

"Basi kama si mkono, ni ukuta! Mama Ngiri, sema mbele ya watu. Nyati alipita wapi?"

"Alipita kwangu," akasema Ngiri.

"Kwa nini? Miaka yote hapiti mtu."

"Nilikuwa na njaa."

Wote wakamgeukia Ngiri. Kanga akarudi nyuma hatua moja.

Ngiri hakupaza sauti. "Bwana Nungunungu amesema neno lina mkia unaogusa pande zote. Mimi nami niliapa siku ile. Nilisimama hapa hapa. Wanangu wakashinda na njaa kiangazi kizima, makuyu yanaozea mbele ya macho yao. Basi sielewi vizuri, mnisaidie. Wa kwanza kutupwa mkono ni nani?"

Kila mtu alitazama miguu yake, na wasio na miguu ya kutazamika walitazama mchanga.

Ngedere akasogea. "Mama Ngiri, siku ile uliniuliza, nikakujibu kwa mzaha. Sasa nimekaa katikati ya makuyu, na kwa mkono mmoja siwezi kujishika tawini na kuchuma pia. Nangoja yadondoke. Nimeokota wiki nzima. Ndipo nikakumbuka swali lako."

"Ulikuwa hujui," akasema Ngiri.

"Nilikuwa sijauliza," akasema Ngedere.

Kiboko akasema, "Nipeni muda." Akazama majini. Bluku, bluku, bluku. Wakangoja, wakatazama mapovu. Akaibuka, maji yanamchuruzika masikioni.

"Tulisema saba, itakuwa saba. Misimu sita iliyobaki, mkuyu ni wa Ngedere, mkono upone au usipone. Atakayemdai mti, anidai mimi kwanza. Lakini yaliyo tawini ndiyo yake. Yakigusa ardhi, ni ya wanaosimama mbele ya mrushaji, na watoto wao. Kanga, hutalinda tena mti."

"Nani kasema nataka kulinda?" akasema Kanga.

"Na upepo usipovuma?" akauliza Nungunungu. "Kuyu lisipotikiswa haliendi chini kwa hisani yake. Nani atautikisa mti?"

Wakatazamana. Kiboko ni mzito. Swala hapandi. Nungunungu hapandi, na angepanda kila tawi lingelalamikia miba yake.

Ngedere akasema, "Miguu yangu haijavunjika."

Je, mkono ulipona? Wapo wanaosema ulipona, wapo wanaosema haukupona. Je, walimlipa ghali? Kanga na Nungunungu wanabishana mpaka leo, ukipita Bondeni utawasikia. Mimi sikumpa ushindi yeyote. Wote wawili ninawaelewa.

Ila mafunzo yake ni haya, wakubwa kwa wadogo: ukimlipa anayerusha, usimsahau anayemkinga, na ukiapa tusitupane, hesabu vizuri mlioapa ni wangapi.

Shauri likawa hilo, na aliyelitekeleza ni Ngedere mwenyewe. Kila asubuhi ya kiangazi alipanda mkuyu kwa mkono mmoja na miguu miwili. Akafika tawi la katikati, akalibana kwa miguu, akalitikisa. Puru, puru, puru! Makuyu yakashuka kama mvua, na chini wakaja watoto wanne mbio, mikia juu.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mkuyu. Aliye karibu na aokote.